Simba miaka minne, Yanga miaka minne: kwa nini ufalme haukai?

SWALI: Mimi ni mwanachama wa Yanga, niko Morogoro. Kuanzia msimu wa 2017/18 Simba walibeba ligi mara nne mfululizo, tukasema hawa hawang'oki tena. Wakang'oka. Tangu 2021/22 hadi 2024/25 nasi tumebeba mara nne, na kijiweni watu wanasema sasa huu ni ufalme. Mtani wangu ananijibu kwamba ufalme ni wa Al Ahly ya Misri, sisi wawili tunapokezana kijiti tu. Ni nini hasa kinachoifanya timu itawale miaka ishirini badala ya minne? Ni fedha, kocha au bahati?

JIBU: Ndugu yangu, mtani wako hajakosea, japo najua inauma kusikia hivyo kutoka kwake.

Fedha, kocha na bahati, kila kimoja kinaweza kukuletea kombe. Shida ni kwamba vyote vitatu huondoka, na mara nyingi huondoka bila kuaga. Kwa hiyo ukitaka kujua kama timu ni ya kudumu, acha kwanza kuhesabu makombe, hesabu mara ngapi imeondokewa na ikabaki juu. Kuna watu watatu wa kuwaangalia: nyota wa uwanjani, kocha mkuu, na yule anayelipa bili. Timu nyingi nzuri huvuka pigo la kwanza. Chache huvuka la pili. La tatu ndilo lililozika nyingi, Yanga yenyewe ikiwamo.

Kumbuka Yanga ya 2014/15, 2015/16 na 2016/17. Mataji matatu mfululizo, na kijiweni maneno yalikuwa haya haya ya ufalme. Mwaka 2017 Yusuf Manji akajiuzulu uenyekiti. Yeye ndiye aliyekuwa mfuko, na mfuko wa pili haukuwepo. Mishahara ikasumbua, wachezaji wakaanza kutafuta njia ya kutokea, na kufika enzi za kocha Mwinyi Zahera klabu ilikuwa inatembeza bakuli kwa mashabiki. Ikapita misimu minne bila ligi. Ile minne ya Simba unayoitaja ilianzia hapo: sehemu yake ni ubora wa Msimbazi, yaani Simba, sehemu yake ni Jangwani, yaani Yanga, kukauka.

Simba nao walivuka pigo la kocha kwa namna ya kupigiwa mfano. Sven Vandenbroeck aliondoka Januari 2021, katikati ya msimu, siku chache baada ya kuiingiza timu kwenye makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Didier Gomes akaja, timu ikamaliza kileleni mwa kundi lenye Al Ahly, AS Vita na Al Merrikh, na ligi ikabebwa. Kisha likaja dirisha la usajili la 2021. Clatous Chama akaenda RS Berkane, Luis Miquissone akaenda Al Ahly, wote wawili kwa mpigo. Kuuza si kosa. Kosa ni kuuza wawili waliokuwa wanategemeana: karibu kila shambulizi la maana la Simba lilipitia kwa mmoja wao na kumalizikia kwa mwingine. Waliokuja, akina Pape Sakho na Peter Banda, hawakuwa wabovu, lakini walikuwa wageni wa klabu, wa ligi na wa wenzao kwa wakati mmoja. Timu ikaanza kusuasua, na ikisuasua tu hapa kwetu anayeondoka wa kwanza ni kocha. Kati ya Novemba 2021 na Julai 2024 waliingia Pablo Franco, Zoran Maki, Juma Mgunda, Robertinho, Benchikha na Fadlu Davids.

Kuna jambo jingine la kipindi hicho ambalo mashabiki hawalitaji. Agosti 2020 mtendaji mkuu wa Simba, Senzo Mazingiza, aliondoka na kuhamia Jangwani. Kwa kuwa mtendaji hana mabao wala pasi za mwisho, lilichukuliwa kama utani wa watani. Lakini mageuzi ya Yanga unayoyafurahia leo yalianzia ofisini, na aliyewahi kuendesha ofisi ya mabingwa alikuwa amekaa humo.

Walichonacho Cairo

Al Ahly ilianzishwa 1907 na ina mataji 12 ya klabu bingwa Afrika: 1982, 1987, 2001, 2005, 2006, 2008, 2012, 2013, 2020, 2021, 2023 na 2024. Itazame hiyo orodha vizuri. Kuna shimo la miaka 14 kati ya 1987 na 2001, na la miaka saba kati ya 2013 na 2020. Timu inayotawala hushindwa pia. Ila ikishindwa haianguki mbali. Katika ule ukame wa pili walifika fainali mbili, 2017 dhidi ya Wydad na 2018 dhidi ya Espérance, wakapoteza zote mbili, kisha wakarudi wakabeba mara nne ndani ya misimu mitano.

Sababu ya kwanza iko kwenye kiti cha rais. Saleh Selim alikuwa nahodha wa Al Ahly kabla ya kuiongoza kuanzia 1980 hadi 1988, kisha akarudi na kukaa hadi kifo chake 2002. Aliyemfuata, Hassan Hamdy, alikuwa mchezaji wa klabu hiyo hiyo na akakaa hadi 2014. Ukimwacha Mahmoud Taher wa 2014 hadi 2017, amefuata Mahmoud El Khatib, mwanasoka bora wa Afrika wa 1983, naye mtoto wa nyumbani. Wote walipigiwa kura na wanachama. Rais wa namna hiyo hahitaji kufundishwa klabu inachezaje, inasajili watu wa tabia gani, au nani haruhusiwi kuingia chumba cha kubadilishia nguo. Anaijua tangu ujana wake.

Ya pili ni kwamba Al Ahly si timu ya soka peke yake. Ni klabu ya michezo mingi yenye wanachama wanaolipa ada ili familia zao zitumie viwanja na mabwawa ya kuogelea Gezira, Nasr City na kwingineko. Timu ikifungwa Jumamosi, mwanachama hafuti uanachama Jumatatu, kwa sababu mtoto wake anaogelea pale. Hiyo ni fedha isiyotegemea matokeo, na ndiyo aina ya fedha ambayo Simba na Yanga hatuna ya kutosha.

Ya tatu ni benchi la ufundi, na hapa mwaka 2012 unaeleza kuliko maneno yangu. Tarehe 1 Februari mashabiki zaidi ya 70 wa Al Ahly waliuawa uwanjani Port Said. Ligi ya Misri ikasimamishwa na msimu ukafutwa. Manuel José, kocha aliyewapa mataji manne ya Afrika, akaondoka mwaka huo. Timu haina ligi, ina msiba, na haina kocha wake mkubwa. Kazi akapewa Hossam El-Badry, aliyekuwa msaidizi wa José, na Novemba wakaenda kuifunga Espérance Tunis na kubeba kombe. Mwaka uliofuata El-Badry akaondoka, akapanda Mohamed Youssef kutoka benchi hilo hilo, na kombe likabaki. Mnamo 2020 njia ilikuwa nyingine: René Weiler aliondoka nusu fainali ikiwa bado kuchezwa, Pitso Mosimane akatolewa Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini mwishoni mwa Septemba, na tarehe 27 Novemba akawa amewafunga Zamalek 2-1 kwenye fainali. Kocha wa miezi miwili hawezi kujenga timu. Aliikuta imejengwa.

Karatasi moja yenye safu nne

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana historia peke yake haimsaidii katibu wa klabu. Chombo muhimu kuliko vyote ni karatasi moja yenye safu nne: jina la mchezaji, umri wake, mwezi na mwaka mkataba unaoisha, na jina la anayemfuata. Watu 25. Klabu inayoweza kuijaza safu ya nne bila kubahatisha iko salama kwa miaka miwili mitatu. Nyingi zinaishia safu ya tatu, na nyingine hata hiyo lazima zimpigie wakala simu.

Umri kwanza. Mgawanyo ninaouona wa afya ni vijana sita wasiozidi miaka 22, kundi kubwa la 12 au 13 lenye miaka 23 hadi 28, na sita hivi wenye 29 na kuendelea. Lakini usihesabu kijumla, hesabu kwa mistari. Winga na mabeki wa pembeni wanaishi kwa mbio na hushuka mapema, wengi wakikaribia 30. Kipa na beki wa kati wanaweza kukupa miaka mizuri hadi 34. Hatari ni pale beki wa kulia na beki wa kushoto wote wana 31: watazeeka msimu mmoja, tena msimu usioutarajia. Timu bingwa huficha uzee huo, kwa sababu kwenye ligi unashambulia muda mwingi na beki hakimbizwi. Unafichuliwa ugenini Rabat au Algiers, mbele ya winga wa miaka 21.

Kisha dakika. Ligi Kuu yetu ina timu 16, maana yake mechi 30, sawa na dakika 2,700. Mrithi wa nafasi anatakiwa awe amecheza walau dakika 900 za ligi kabla mwenye nafasi hajaondoka, yaani mechi 10 kamili. Kijana anayeingizwa dakika ya 85 kila wiki, hata ukimwingiza mechi zote 30, atamaliza msimu na dakika 150. Huyo hajaandaliwa, amepigwa picha tu. Na dakika hizo 900 lazima nyingine ziwe kwenye mechi zinazouma, si zile tano za mwisho ubingwa ukiwa mfukoni.

Mabadiliko: wachezaji watatu wapya katika kikosi cha kwanza kila msimu, ikizidi sana wanne. Ukienda kwa watatu, ndani ya misimu minne kikosi chote cha kwanza kimekuwa kipya na hakuna shabiki aliyeshtuka. Ukibadilisha saba dirisha moja, umeanzisha timu mpya na kuivalisha jezi ya zamani. Klabu zetu hufanya kinyume: zikibeba ubingwa hazigusi kitu kwa sababu "timu inashinda", zikikosa zinasajili 12. Wakati mzuri wa kumtoa mtu kikosini ni ukiwa bingwa, maana wakati huo ndipo thamani yake iko juu na mgeni anaingia bila presha. Ni uamuzi mgumu kuueleza kwenye mkutano wa matawi, nakubali.

Mikataba ndiyo inayotuua kimyakimya. Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji kusaini na klabu nyingine akiwa amebakiza miezi sita au pungufu. Sasa hesabu: mikataba yetu mingi ni ya miaka miwili, yaani miezi 24. Ukitoa hiyo sita, unammiliki kwa miezi 18. Ukitaka kumuuza kwa bei ya maana unahitaji abaki na mwaka mmoja au zaidi. Kwa hiyo mazungumzo ya kumwongezea yaanze ndani ya mwaka wa kwanza, pengine mwezi wa nane tu tangu atue. Klabu inayosubiri "tuone msimu unaishaje" inaishia kumwachia bure mchezaji iliyojigamba kumsajili. Na usiache mikataba ya zaidi ya theluthi moja ya kikosi iishe mwaka mmoja. Ukikuta majina 14 kati ya 25 yanaisha Juni ile ile, jua mwezi huo mawakala ndio watakaoiongoza klabu.

Kuhusu kuziba pengo la nyota, Yanga wenyewe wana mfano ambao wengi mlishangilia bila kuuchambua. Fiston Mayele alimaliza msimu wa 2022/23 na mabao 17 ya ligi, akaenda Pyramids ya Misri. Kijiweni swali lilikuwa "nani Mayele mpya?" Aliyeanza kujibu swali hilo angenunua mshambuliaji ghali na kumbebesha jezi nzito. Swali lenye jibu lilikuwa jingine: mabao 17 yatatoka wapi? Wakaingia Pacôme Zouzoua na Max Nzengeli, timu ikaanza kufunga kutokea katikati, na Stephane Aziz Ki, ambaye ni kiungo, akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 21. Hivyo ndivyo pengo la nyota linavyozibwa, kwa kugawa kazi yake kwa watu wawili watatu ambao baadhi yao tayari wako ndani.

Neno kuhusu wazawa. Kanuni za misimu ya karibuni zinaruhusu wageni 12, na mgeni mzuri hapa haishi zaidi ya misimu miwili mitatu, kwa sababu akifanikiwa Waarabu au Wasauzi wanamchukua, akishindwa anatemwa. Kumbukumbu ya klabu hivyo hukaa kwa wazawa: nani anajua mechi ya watani inavyochezwa, nani anamtuliza kijana kwenye basi. Simba walikuwa na uti huo, John Bocco, Jonas Mkude, Shomari Kapombe, Mohamed Hussein "Tshabalala". Mkude akaja Yanga 2023, na Tshabalala, aliyekaa Msimbazi tangu 2014, akafuata 2025. Kwa upande wenu, Clement Mzize amepanda kutoka timu ya vijana. Mmoja. Kwa klabu yenye mapato kama ya Yanga, mmoja ni haba. Lengo la maana ni kijana mmoja kila msimu anayefikisha zile dakika 900.

Kocha anaondoka, daftari libaki

Liverpool walikuwa na chumba kidogo cha kuhifadhia viatu pale Anfield ambamo makocha walikaa kuzungumza mpira. Bill Shankly alipong'atuka 1974, akapanda msaidizi wake Bob Paisley. Kisha Joe Fagan, naye wa chumba hicho. Kisha Kenny Dalglish, aliyekuwa mchezaji wao. Kati ya 1973 na 1990 walibeba ligi ya Uingereza mara 11 na Kombe la Ulaya mara nne. Mnyororo ulipokatika, taji la ligi lilisubiri hadi 2020. Manchester United walivunjika vibaya zaidi: mwaka 2013 Alex Ferguson na mtendaji mkuu David Gill waliondoka majira yale yale ya joto. Aliyejua timu na aliyejua soko wakapita mlango mmoja, na hadi ninapoandika ligi haijarudi Old Trafford.

Kwa Afrika ya leo mfano ulio hai ni Mamelodi Sundowns. Mosimane alipohamia Al Ahly 2020, waliokabidhiwa timu ni wasaidizi wake, Manqoba Mngqithi na Rulani Mokwena, wakisaidiwa na Steve Komphela. Kuanzia 2017/18 hadi 2024/25 wamebeba ligi mara nane mfululizo, chini ya makocha tofauti, na mpira wao wa pasi fupi fupi unautambua hata ukifumba macho usikie tu makofi ya mashabiki.

Kiutendaji hii inamaanisha mambo machache. Walau watu wawili wa benchi, mmoja wao kocha wa makipa au mtaalamu wa viungo, wawe na mikataba na klabu moja kwa moja, siyo "watu wa kocha". Kocha akija na wanne wake na kuondoka nao, ameondoka na ripoti za mazoezi, rekodi za majeraha na video zote. Weka kifungu kwenye mkataba wake kwamba nyaraka hizo ni mali ya klabu na zinakabidhiwa kila mwezi, siyo siku ya kuagana, maana siku hiyo huwa hakuna anayekabidhi kitu. Pia mchague kocha anayeendana na kikosi ulichonacho. Kila kocha mpya huomba wachezaji watano wake. Makocha watatu ndani ya miaka miwili ni wachezaji 15 waliosajiliwa kwa fikra tatu tofauti, na wa nne atakuta duka la mitumba.

Na hapa kuna ugonjwa wetu maalumu: mechi ya watani. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga waliifunga Simba 5-1, na siku chache baadaye Robertinho hakuwa na kazi. Sisemi alistahili kubaki. Nasema mechi moja kati ya 30 ina nguvu ya kufuta mpango wa miaka mitatu, na klabu isiyo na watu wa kuhimili hasira za wiki hiyo haiwezi kuwa na mpango hata ikiuandika kwa wino wa dhahabu. Bodi inayojiheshimu hujiwekea kanuni mapema, kwa mfano kwamba hakuna uamuzi kuhusu kocha ndani ya siku kumi za mechi ya watani. Ni kanuni ya kitoto ukiisoma Julai. Novemba inaokoa mamilioni.

Ofisi na mfuko

Hili nitalipitia haraka, si kwa kuwa ni dogo, bali kwa kuwa ni rahisi kulieleza. TP Mazembe ya Congo walikuwa mabingwa wa Afrika 2009 na 2010. Ile ya 2010 waliibeba bila nyota wao Trésor Mputu, aliyekuwa amefungiwa, na wakafika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu dhidi ya Inter Milan. Pigo la nyota walilivuka kifua mbele. Mwaka 2011 wakang'olewa mashindanoni na karatasi: walikuwa wamekwisha kuwatoa Simba, Simba wakakata rufaa kuhusu uhalali wa beki Janvier Besala Bokungu, na CAF, shirikisho la soka Afrika, ikawaondoa mabingwa watetezi. Ofisa mmoja anayejua kanuni za usajili na kuhakiki kila hati kabla jina halijatumwa hulipwa chini ya mchezaji wa akiba, na thamani yake ni hiyo.

Mishahara nayo ina kanuni yake. Mchezaji asiyelipwa miezi miwili anaweza kuiandikia klabu notisi ya siku 15 na, asipolipwa, akavunja mkataba kwa sababu halali, akaondoka bure na kudai fidia. Klabu iliyoshindwa kesi na isiyolipa inaweza kufungiwa kusajili hadi madirisha matatu mfululizo. Kwa hiyo akiba ya mishahara ya miezi mitatu kwenye akaunti isiyoguswa ni kitu cha kwanza kujenga, kabla ya basi jipya. Na bajeti isiandikwe kwa fedha za ushindi. Kwa viwango vya CAF vya msimu wa 2023/24 bingwa wa Afrika alipata dola milioni 4 na aliyeishia robo fainali dola 900,000. Anayepanga mishahara kwa kutegemea ya kwanza na kupata ya pili ameshajua Januari atakuwa wapi.

Kuhusu mwenye fedha, mfumo wetu wa wanachama asilimia 51 na wawekezaji asilimia 49 unalinda umiliki, haulindi mfuko. Ukitaka kujua hatari ilipo, uliza asilimia ngapi ya matumizi ya mwaka inatoka kwa mtu mmoja au kampuni moja. Ikizidi nusu, klabu iko pale pale ilipokuwa Yanga Mei 2017, hata kama hesabu zinapendeza. Hata Sundowns hawajafanya mtihani huu kikamilifu: mmiliki wao Patrice Motsepe alipokwenda kuwa rais wa CAF 2021, kiti alikikalia mwanawe, mfuko ukabaki ule ule. Mazembe wanamtegemea Moïse Katumbi tangu 1997. Alipokuwa uhamishoni kati ya 2016 na 2019 waliendelea kubeba mataji ya Congo, lakini fainali ya Ligi ya Mabingwa hawajaiona tena tangu 2015.

Bahati uliiuliza pia. Ipo. Fainali ya Kombe la Shirikisho 2023 Yanga na USM Alger walimaliza 2-2 kwa jumla, kombe likaenda Algeria kwa mabao ya ugenini. Mwaka uliofuata, kwenye Ligi ya Mabingwa, mkatolewa na Sundowns kwa penalti. Dawa yake ni kurudi mara nyingi. Ukifika robo fainali mara nane, moja mbili zitaangukia upande wako. Ukifika mara moja kila miaka mitano, utakuwa na hadithi ya mwamuzi tu.

Kwa hiyo Yanga wako wapi? Nyota mmevuka: Mayele aliondoka, mkabeba. Kocha mmevuka, tena kwa namna ya ajabu: Nasreddine Nabi aliondoka 2023 mkabeba, na msimu wa 2024/25 Miguel Gamondi, Sead Ramovic na Miloud Hamdi wote walikaa kiti kimoja, na bado Simba wakafungwa 2-0 Juni 2025 ubingwa ukaamuliwa. Sitaki uusifu sana msimu huo. Makocha watatu kwa mwaka kunathibitisha kikosi kilikuwa juu ya wengine nchini. Afrika, msimu huo huo, hamkutoka kwenye makundi. Pigo la tatu, la mfuko, uongozi huu haujalipata, na hakuna anayeweza kukwambia utalivuka vipi hadi siku litakapokuja.

Wewe ni mwanachama, una haki ya kuuliza. Kwenye mkutano mkuu ujao usiulize tunasajili nani. Uliza mikataba mingapi inaisha Juni ijayo, akiba ya mishahara ni ya miezi mingapi, na asilimia ngapi ya matumizi inalipwa na mdhamini mkubwa kuliko wote. Wakikujibu ya kwanza kwa namba, bila kugeukiana mezani, mwambie mtani wako asubiri kidogo.